Dishon wa Rafu ya Kijani

Kageha alijua kumkamata mwongo kabla hajamaliza uongo wake, na kipaji hicho ndicho kilichomlisha kwa miaka tisa. Hakuwa polisi wala mchungaji. Alikuwa mhudumu katika maabara moja iliyo ndani ya jengo lisilo na bango, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani kwao Ziwani, na ndani ya jengo hilo kulikuwa na friza nane zilizojaa bongo za watu.

Bango halikuwekwa, na kwa sababu nzuri. Majirani wangesoma neno ubongo mlangoni, kufikia jioni ungesikia kuna waabudu shetani wanaokula vichwa vya watoto, na kesho yake madirisha yote yangekuwa chini. Huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, tunajuana. Kwa hiyo ukiuliza pale nje utaambiwa hiyo ni stoo ya dawa, na utaenda zako.

Ukweli wenyewe haukuwa wa kutisha. Vyuo na hospitali kadhaa zilitaka kujua pombe inafanya nini ndani ya kichwa cha mtu, zikachoka kila moja kutafuta bongo zake, kununua friza zake na mashine yake ya kukatia. Zikachanga, zikawa na ghala moja. Familia ikikubali kumtoa marehemu wao, ubongo unaletwa hapo, unagandishwa, unakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na mtafiti yeyote, awe Kisumu au ng'ambo, akiandika barua na kukubaliwa, anatumiwa vipande vyake ndani ya boksi la barafu kavu. Ubongo mmoja unaweza kufanyiwa kazi na watu kumi na watano ambao hawajawahi kuonana. Rafu zenye lebo nyekundu ni za waliokuwa wanakunywa. Rafu zenye lebo ya kijani ni za wale ambao hawakugusa pombe, na hizo ndizo adimu, maana bila ubongo uliosalimika wa kulinganisha nao huwezi kusema mlevi ameharibika wapi.

Hapo ndipo Kageha alipohitajika. Madaktari walikuwa na fomu yenye swali moja la kijinga: Je, marehemu alikuwa anatumia pombe? Sasa nani atakujibu swali hilo ndani ya nyumba yenye msiba, mbele ya mashangazi na mchungaji? Kwenye matanga hakuna mlevi. Marehemu wote walikuwa wapole, wacheshi, wapenda watoto, na wote walifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kageha hakuuliza pombe. Alikaa na mjane, akanywa chai aliyopewa hata kama imepoa, kisha akauliza mambo mengine kabisa. Siku ya mshahara alikuwa anafika nyumbani saa ngapi? Viatu alikuwa anavulia wapi? Nani alikuwa anamfungulia mlango? Mjane angesema, “Ni kijana wetu mkubwa, maana mimi nilishachoka kugombana,” na Kageha angejua lebo itakuwa ya rangi gani.

Maabara ilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Ikigunduliwa kwamba familia ilidanganya, ubongo huo unatolewa kwenye rafu na kuchomwa, kwa sababu kumbukumbu yake haiaminiki tena. Kabla Kageha hajaanza kutumwa kwenye misiba, ziliwahi kugunduliwa mbili za namna hiyo, na ni yeye aliyezibeba hadi kwenye tanuri iliyo nyuma ya jengo. Hakusikitika sana. Hawakuwa ndugu zake.

Ndugu yake alikuwa Dishon. Alikuwa kitinda mimba wa mama yao, Ayuma, na Ayuma alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu kuhusu kijana huyo: aandikwe. Siyo kibarua cha leo na kesho. Aandikwe kazi, apewe kadi yenye picha ya kuning'iniza shingoni, kama ile ya dada yake. Kwa miaka kumi na miwili Dishon aliamka alfajiri akaenda kupanga foleni kwenye mageti ya viwanda vya Industrial Area. Siku akichaguliwa, alibeba magunia. Siku akiachwa, na aliachwa mara nyingi, alishuka Mathare kwenye bonde la mto, ambako chang'aa, pombe kali ya magendo, iliuzwa kwa kikombe na hakuna aliyemuuliza kama ameandikwa. Mwishowe akawa anapita moja kwa moja hadi mtoni bila kupitia viwandani. Akaanza kutembea ametanua miguu, polepole, kama mtu anayepita juu ya ukuta, hata asubuhi akiwa hajaonja kitu.

“Sista, usinicheki hivyo,” angemwambia Kageha. “Mimi niko poa. Ni hizi barabara za kanjo ya jiji ziko na mashimo.”

Kageha alikuwa anamwangalia kwa macho ya mtu aliyejua mengi mno. Alijua ni sehemu gani ya kichwa iliyokuwa inaliwa, ile ya nyuma, juu kidogo ya shingo, inayomwezesha mtu kwenda bila kupepesuka. Alimsihi, akamtukana, akamfichia viatu. Siku moja, kwa hasira, alimwambia kwamba ameshamtengea nafasi kwenye rafu nyekundu. Dishon alicheka mpaka akashika mlango. Mama yao hakucheka.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, gari lilimgonga Dishon akivuka barabara ya Outer Ring upande wa Umoja, alikokuwa amesikia kuna mjengo unaotafuta vibarua. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Polisi waliandika ajali, na ajali ilikuwa kweli. Hakuna aliyepima damu.

Sasa hapa lazima ulijue kanisa la Ayuma. Katika kanisa lao, mtu akifa mlevi, mchungaji haji, akina mama wa vitambaa vyeupe hawaji kuimba, na familia inamzika yenyewe kama inavyojua. Ayuma alikuwa ameimba katika mazishi ya watoto wa wenzake kwa miaka thelathini. Kwa hiyo siku hiyo hiyo, kabla hata machozi hayajakauka, aliwaambia wote waliofika kwamba Dishon alikuwa ameokoka na alikuwa njiani kwenda kazini. Nusu ya mtaa ilikuwa imewahi kumwokota Dishon kwenye mtaro ikamleta hadi mlangoni. Nusu hiyo hiyo iliitikia kwa kichwa na kusema, kweli, alikuwa kijana wa heshima.

Kageha alikuwa ameomba bongo kwa familia hamsini na mbili. Watu wawili watatu walikuwa wamemuuliza kama yeye angekubali kumtoa mtu wake, na kila mara alijibu ndiyo bila kupepesa. Sasa wake alikuwa amelazwa mochari na saa zilikuwa zinakwenda. Alimwita mama yake nyuma ya nyumba, karibu na bomba, akamwomba ubongo wa Dishon upelekwe maabara.

“Huko kwenu?” Ayuma aliuliza.

“Kwetu, mama. Madaktari watajifunza kwake.”

Ayuma alifuta uso kwa ncha ya leso yake, kisha akauliza, “Kwa hiyo atakuwa ameandikwa?”

Na Kageha, Mungu amsamehe, akasema, “Ndiyo, mama. Ameandikwa.”

Daktari Hikma, mkuu wa maabara, alikuja mwenyewe alasiri ile, kwa kuwa haikufaa Kageha kujihoji. Hikma alikuwa mwanamke wa Pumwani, mpole, mwenye buibui jeusi na sauti ya chini, aliyejua ubongo kuliko alivyojua watu. Alipewa kiti katikati ya chumba. Mchungaji alikuwa ameshafungua Biblia. Akina mama wa vitambaa vyeupe walikuwa wamejaa hadi kizingitini. Hikma akatoa fomu akasoma swali kama lilivyoandikwa, maskini, kama mtoto anayesoma ubao.

“Marehemu alikuwa anatumia pombe?”

“La,” akasema Ayuma. “Hata kuonja. Mwanangu nimemlea kanisani.”

Mchungaji aliinamisha kichwa kukubali. Akina mama wakaguna kwa pamoja. Hikma akaandika, halafu akamgeukia Kageha, kwa kuwa fomu ilitaka saini ya jamaa wa pili.

“Wewe upo, dada Kageha, kwa hivyo mimi sina wasiwasi,” alisema.

Mkono wa mama yake ulikuwa juu ya goti la Kageha. Kageha alitia saini. Ukitaka kumlaumu, mlaumu, lakini kwanza niambie wewe ungesema nini katika chumba kile, na kwa mdomo gani.

Hivyo ndivyo Dishon alivyopata lebo ya kijani, namba ishirini na saba. Kijana, kifo cha ghafla, hajawahi kuonja pombe: watafiti walimgombania. Katika miaka mitatu alitumwa kwenye maabara kumi na moja. Alipokuwa hai hakuna geti lililomfungulia bila kumsukuma kwanza, na sasa alikuwa anaitwa hadi Ujerumani. Kageha ndiye aliyefunga kila boksi, akalimiminia barafu kavu, akalibandika anwani. Mwanzoni alifunga akiangalia pembeni. Baadaye akazoea, na kuzoea kwenyewe kukamtia uchungu.

Kila Jumapili baada ya ibada walikula pamoja, ugali na mrenda, na Ayuma hakukosa kuuliza.

“Dishon anaendeleaje kazini?”

“Wiki hii alikuwa na kazi nyingi, mama.”

“Wanampenda?”

“Wanampenda sana.”

Bombani na kanisani Ayuma alisema waziwazi kwamba mwanawe ameandikwa na madaktari. Wengine walidhani msiba umemvuruga akili, wakamwacha. Kisha akaanza kudai kadi. Kila mtu aliyeandikwa ana kadi, alisema, mbona huyu hana? Mwishowe Kageha akamletea lebo moja iliyochapwa vibaya, ya kijani, yenye namba ishirini na saba. Ayuma akaipachika kwenye kona ya picha ya Dishon iliyoning'inia ukutani, na tangu siku hiyo alilala vizuri zaidi. Kageha aliona hilo kwa macho yake, na ndiyo sababu alikaa kimya miaka yote hiyo.

Kimya hicho kilivunjwa na Kilonzo. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, kijana mrefu mwenye koti la maabara lililokuwa fupi kwake, na kwa miaka mitatu alikuwa anahesabu seli za sehemu ile ya nyuma ya ubongo. Alitaka kuonyesha ni kiasi gani cha pombe kinachoanza kuzimaliza. Alikuwa na wanywaji wengi. Wasiokunywa alipewa wanne tu, na mmoja wao alikuwa namba ishirini na saba.

Jumatano moja alimfuata Kageha jikoni, mahali wahudumu wanapochemshia chai. Macho yalikuwa mekundu.

“Mama, huyu ishirini na saba atanimaliza,” alisema. “Hakuwa anakunywa, lakini seli zake zimeisha kuliko za walevi. Nimerudia kuhesabu mara tano. Prof wangu anasema napika hesabu. Amenipa mpaka Ijumaa, nikikosa kueleza, wanafunga utafiti wangu.”

Kageha aliendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

“Sisi hatuonyeshwi majina,” Kilonzo aliendelea, “lakini daktari ameniambia wewe ulikuwepo siku ya fomu. Unakumbuka kitu chochote? Hata kidogo?”

“Niache niangalie,” akasema Kageha.

Alikuwa na haja ya kuangalia nini? Ila Kilonzo, kwa shukrani, akataka kumwonyesha tatizo lake. Alimpeleka kwenye hadubini akamwekea kioo. Miaka tisa Kageha alikuwa amefunga vipande hivyo na hakuwahi kuangalia hata kimoja. Kwanza akaona cha mtu mwingine wa kijani: seli zimejipanga safu moja, kubwa, nzima. Kisha Kilonzo akabadilisha kioo. Safu ilikuwa na mapengo, seli moja hapa, nyingine kule mbali, na katikati hakuna kitu.

Kageha aliona mwendo wa Dishon. Alimwona akitoka mlangoni asubuhi ametanua miguu, akishika ukuta wa jirani, akisingizia mashimo ya barabara. Watu wote walikuwa wamemdanganyia huyu mtoto, mama, mchungaji, mtaa, na yeye dada yake kwa saini, na baada ya yote hayo kipande cha nyama chembamba kuliko ganda la kitunguu ndicho kilichokuwa kinasema kweli, na Kilonzo, kijana wa watu, alikuwa karibu kufukuzwa kwa kukisikia. Kageha aliondoka kwenye hadubini bila kuaga. Alijifungia chooni akalia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani.

Siku mbili alizunguka na jambo hilo. Akisema, Dishon atachomwa. Sheria aliijua, alishaitekeleza kwa mikono yake. Asiposema, Kilonzo ataanguka, na watafiti wengine kumi wataendelea kupima walevi kwa kipimo cha mlevi. Alhamisi jioni mama yake alikuwa anapangusa vumbi kwenye picha, akipita polepole kwenye ile kona ya kijani. Kageha alikula haraka akalala mapema.

Ijumaa asubuhi aliingia ofisini kwa Hikma akasema yote akiwa amesimama.

Hikma alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

“Kwa nini hukunambia? Hata kesho yake?”

“Mchungaji alikuwepo, daktari. Halafu kesho yake tulikuwa na mazishi. Halafu mama akaanza kulala.”

“Nilikwambia mbele ya watu kwamba ukiwepo wewe sina wasiwasi.”

“Nakumbuka.”

“Watu kumi na moja, dada Kageha. Nitawaandikia nini?”

Kageha alikuwa na ombi, na alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima kutoka Ziwani. “Si tumhamishe tu, daktari? Tumpe lebo nyekundu. Sasa ninasema ukweli. Alikunywa miaka kumi na miwili, naweza kueleza kila kitu, kiasi gani, wapi, lini. Huko nyekundu atafaa.”

Hikma alitikisa kichwa taratibu, na ilikuwa wazi kwamba inamuuma. “Mimi ninakuamini. Lakini fomu yake ina saini yako, na leo unanambia saini yako si kitu. Nikimweka nyekundu, nitamweka kwa ushahidi wa nani?”

Yaani Dishon alikataliwa na wasiokunywa, na walevi nao wakamkataa. Hata hapo foleni ilimshinda.

Kageha aliomba ambebe mwenyewe, akaruhusiwa. Vilivyobaki vyake vilienea kwenye boksi moja dogo, na mtungi wa dawa ya kuhifadhia wenye nusu ya pili, isiyogandishwa. Baridi ya boksi ilipenya glavu. Ukumbini alikutana na Kilonzo, ambaye alikuwa ameshaambiwa. Kageha alitegemea, sijui alitegemea nini, labda neno moja la msamaha.

“Miaka mitatu, mama,” Kilonzo alisema. “Umenipikia chai miaka mitatu.”

Akampisha apite. Baadaye alipewa miezi sita zaidi ya kurekebisha kazi yake, lakini kikombe chake alikiondoa jikoni.

Tanuri ilichukua dakika arubaini. Kageha alijaza daftari la tanuri kama inavyotakiwa: namba, uzito, sababu ya kuondolewa. Kwenye sababu aliandika, “Familia ilidanganya,” akatia saini, na mara hii saini ilikuwa ya kweli. Alasiri Hikma alimpa barua. Hakufukuzwa, na afadhali angefukuzwa. Hatatumwa tena kwenye familia; atabaki kufagia na kuandika vipimo vya baridi ya friza, asubuhi na jioni.

Alitembea kurudi Ziwani jua likiwa bado juu. Ayuma alikuwa ameketi mlangoni anachambua mrenda kwenye ungo. Alimwangalia binti yake akija, akaona jambo, akaacha kuchambua.

“Mbona umewahi? Leo si Jumapili, lakini nikuulize tu. Dishon yuko aje kazini?”

Kageha alikuwa amekuja na uongo tayari, mzuri, uliokamilika. Alifungua mdomo ukakataa kutoka.

“Wamemfuta, mama.”

Bombani mtu alikuwa anajaza mtungi, na maji yalisikika mpaka yakafungwa. Kageha alingoja kelele, alingoja aulizwe ni nani, ni kwa nini, ni kwa haki gani. Mama yake aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini, bila kumwangalia.

“Alikuwa amekunywa?”

Miaka kumi na mitano neno hilo halikuwahi kutoka katika kinywa kile.

“Ndiyo, mama,” Kageha alisema. “Alikuwa amekunywa.”

Ayuma aliuweka ungo chini. Aliinuka kwa kushika mlango, akaingia ndani, na Kageha akasikia kigoda kikiburutwa hadi ukutani. Aliporudi alikuwa ameishika ile lebo ya kijani kwa vidole viwili. Aliipangusa kwa leso, pande zote mbili, akamkabidhi.

“Basi,” alisema, “warudishie kadi yao.”